Mjomba Aliyeingia Kinyumenyume

Paukwa!
Pakawa!
Nisimulie au ninyamaze?
Simulia, tumeshakaa kitako!

Hapo kale Bi Pimbi, mdogo kama kibuyu, alimchukua Mashavu, binti wa ngiri aliyefiwa na wazazi. Mashavu hakuwa mchanga. Meno ya nje yalishachomoza, na alishahamishwa mashimo matatu. Majirani wakasema samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu ameshakauka. Bi Pimbi akawajibu kwamba yeye alitafuta mtoto, hakutafuta samaki.

Mashavu akila, anaficha mizizi chini ya majani ya kulalia. Bi Pimbi akaona, akamwongezea mingine. Mashavu akiingia pangoni, anaingia kinyumenyume, ndivyo ngiri wote waingiavyo. Watoto wa pimbi wakamcheka. Bi Pimbi akageuka, naye akaingia kinyumenyume. Watoto wakamfuata. Hata hivyo Mashavu hakumwita mama. Alimwita "wewe".

Asubuhi moja, gudu, gudu, gudu! Fisi huyo, mate yanamdondoka, to, to, to. Akadai kwamba yeye ni mjomba wa Mashavu, amekuja kumchukua akamlee. Mashavu akainuka. Akaanza kukusanya mizizi yake.

Bi Pimbi akamkaribisha mgeni kwa adabu.

"Mjomba," akasema, "ukoo wa Mashavu huingia ndani kinyumenyume. Ingia basi, ule kwanza, ndipo umchukue mpwa wako."

"Hata mimi ndivyo nilivyolelewa," akasema Fisi.

Akarudi nyuma. Kiuno kikapita, suu! Tumbo likapita, suu! Mabega, kwa! Yakakwama. Mbele haendi, nyuma haendi.

Bi Pimbi akamwambia Mashavu akimbilie juu ya mwamba. Mashavu hakukimbia. Akazunguka, akapenya kwenye ufa wa nyuma, akamchoma Fisi makalioni kwa meno yake: chwe! chwe! Fisi akachomoka, pu! Akatimka, ngozi ya mabega kaiacha mlangoni.

Mashavu akatoka, pua imejaa vumbi.

"Mama," akasema, "yule si mjomba wangu."

"Najua, mwanangu."

Siku ile Bi Pimbi alipita kwa kila jirani kuomba chumvi, na chumvi anayo, ili tu aulizwe habari za binti yake.

Hadithi imefika ukingoni. Aliyesinzia asimuliwe na mwenzake. Na funzo lake, wajukuu zangu: msichukue mtoto aliyekwishaota meno, hafunziki huyo. Mimi nilionywa hivyo hivyo, nikachukua wawili. Mmoja ndiye aliyewapikia huo uji mnaokunywa.