Damu ya Karamu

"Damu ya karamu haihukumu figo." Wajukuu, mmeisikia leo kwa wauguzi, na mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Anaeli alijitolea kumpa kaka yake, Nderingo, figo moja. Figo za Nderingo zilikuwa zimeshindwa kazi. Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu kwa mashine. Ndugu wengine wote walikuwa wamepimwa, hakuna aliyefaa. Alibaki Anaeli.

Katika ukoo wao, mtu haendi kwenye jambo zito bila kula nyama ya baraka. Wazee wakachinja mbuzi, na alfajiri ya siku ya kipimo wakamkalia Anaeli mpaka akamaliza paja na bakuli la supu. Saa tatu asubuhi alikuwa maabara, amenyoosha mkono.

Majibu yalitoka mchana. Kreatinini, taka ambayo figo huichuja kwenye damu, ilikuwa mia moja na kumi na mbili. Kikomo cha mwanamke pale kilikuwa tisini. Daktari akaandika: hafai.

Mzee Kisamo wa maabara hakuridhika. Mwezi uliopita, kwenye kipimo cha awali, mwanamke huyohuyo alikuwa na themanini. Figo za mtu asiye na homa wala dawa zimechakaaje upesi hivyo? Akamfuata kwenye benchi.

"Mwanangu, leo umekula nini?"

"Baba, mimi nalia, wewe unaniuliza chakula?"

"Nijibu. Na saa ngapi?"

"Paja la mbuzi. Saa kumi na moja."

"Zima?"

"Wazee wale wangekukalia wewe, ungebakiza?"

Kisamo akacheka. "Nyama iliyopikwa ina kreatinini yake. Ukiila, huipandisha ile ya damu kwa saa kadhaa. Huenda tumempima mbuzi."

"Una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana tutarudia."

Siku mbili Anaeli hakugusa nyama. Usiku wa pili hakula kitu, alikunywa maji tu. Saa moja asubuhi akatolewa damu: sabini na tisa.

Daktari hakusema kuwa figo ni nzima. Kipimo kimoja hakitoshi kwa hilo. Alilifuta neno "hafai", akaandika tarehe ya vipimo vinavyofuata.

Nderingo, akiwa bado amelala kando ya mashine, aliuliza ilikuwaje dada yake akataliwe Jumatatu na kuruhusiwa kuendelea Alhamisi. Kisamo akamjibu, na wauguzi wakasikia:

"Damu ya karamu haihukumu figo."