Mzani na Kiti cha Kuswalia

Ndugu zangu, kabla swala haijakimiwa nipeni dakika chache. Najua jua la saa saba ni kali, na wengine mmeacha maduka wazi. Nitamleta mama mmoja tu hapa mbele yenu, kisha tuswali.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa shughuli, mnene kweli. Sisemi kwa kumcheka, mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Magoti yake yalichoka kumbeba, na kwa miaka sita aliswali amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alijaribu kila njia ya kupungua ikashindikana, mpaka madaktari wakamfanyia operesheni, tumbo lake la chakula wakalipunguza likabaki kama ndizi moja. Wako waliosema amechukua njia ya mkato. Nawauliza, kula vijiko vinne mbele ya sufuria la pilau ulilopika mwenyewe, hiyo ni njia ya mkato?

Kwa miezi saba akapungua kilo thelathini na nane. Kisha mzani ukagoma. Wiki ya kwanza tisini na nne, wiki ya tano tisini na nne. Na hakuzembea, maskini. Alitembea kila asubuhi, alianza na samaki au yai kabla ya wali, kama alivyoelekezwa. Kliniki walishamwambia kwamba mwili uliopungua sana husimama kidogo ujipange, na jambo hilo huwapata hata walio makini. Aliyasikia, lakini moyo ulikataa.

Kila asubuhi alipanda mzani. Siku moja akavua herini kwanza. Siku ya pili akavua na bangili. Mumewe, mtu wa mizaha, akamwambia, "Mama Zuwena, kesho utanyoa nyusi."

"Usinitanie, Baba Zuwena. Nimechoka."

"Mvumilivu hula mbivu, mke wangu."

"Mbivu gani, na mimi nashiba kwa vijiko vinne?"

Mume akacheka. Mama hakucheka. Alikaa kitandani akalia, akasema kliniki ya kesho haendi, vidonge vyake vya vitamini hamezi tena, operesheni imeshindwa na dua zake hazijibiwi. Mnamwelewa huyu mama? Mimi namwelewa, na ninampenda.

Hapo hapo mlangoni ikapigwa hodi. Alikuwa bibi jirani, na mkongojo wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuazima kile kiti chako cha kuswalia, magoti yangu hayapindi tena. Wewe naona hukitumii siku hizi."

"Mbona nakitumia, bibi."

"Aa, mwanangu. Juzi nilikuja nikakukuta chini kwenye mkeka, umesujudu. Nikakaa hapa kizingitini mpaka ukatoa salamu."

Mama akaingia chumbani kukitazama kiti. Kiko pembeni, kimejaa nguo za kukunja. Ndipo akakumbuka. Siku moja mvua ilinyesha, nguo mbichi zikaingizwa ndani zikaanikwa juu ya kiti kile, na wakati wa adhuhuri ulikuwa unakwisha. Akasema leo nijaribu chini. Akajaribu, akainuka. Kesho yake akarudi mkekani bila kufikiri, na keshokutwa vilevile. Akili yake yote ilikuwa kwenye mzani.

Akamuuliza mumewe kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

"Leo siku ya ishirini na tatu," mume akasema. "Siku ya kwanza nilitoka uani nikalia. Nilikuwa nangoja uniambie wewe mwenyewe."

Mama akaziondoa nguo, akakipangusa kiti kwa pindo la kanga yake, akambebea bibi mpaka kwake. Asubuhi yake akapanda mzani.

Mnangoja niseme mshale ulishuka? Haukushuka. Tisini na nne. Akavaa herini zake, akameza vidonge vyake, akaenda kliniki.

Sikusema autupe mzani, jamani. Daktari aendewe, dawa imezwe, asubuhi atembee. Lakini sisi, kila mmoja wetu ana mzani wake amesimama juu yake anaukodolea macho. Yuko mzee hapa anayeomba mwanawe apate kazi, mwezi wa kumi huu hajapata, naye anasema Mungu hajanisikia. Na mtoto huyo, ambaye zamani hakuwa akilala nyumbani, siku hizi ndiye anayemwamsha babake alfajiri waje msikitini. Tumekaa barazani tunaingoja neema, nayo imeshaingia kwa mlango wa uani.

Nikitazama pale nyuma naona viti vinne. Waliokaa hapo wanatuona tunavyoshuka na kuinuka kama watu wanaofukuzwa. Wangetoa nini waliguse zulia hili kwa paji la uso, mara moja tu? Na wewe uliyeligusa leo alfajiri, ulikuwa unafikiria nini?

Haya, simameni, tunyooshe safu. Na tukifika chini, tusiwe na haraka ya kuinuka.