Nyumba ya Anayenilisha

Sogeeni, na aliyeshiba asisinzie, maana leo sikuleta sungura wala fisi. Nimeleta kesi. Imewashinda Wapare, watu ambao mnajua wako tayari kuuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku, kwa hiyo nawaletea nyinyi.

Huko Usangi, milimani, palikuwa na mjane aitwaye Bibi Nakiete, aliyepooza upande wa kushoto. Kumtunza mzee si kazi ya mtu mmoja. Ukoo ukakaa kikao, ukagawa mzigo kwa watu watatu, kila mmoja kwa kipaji chake.

Senkondo, mtoto wa kwanza, kipaji chake kilikuwa kutafuta. Alikuwa na duka la vipuri Arusha, na biashara iwe nzuri iwe mbaya, alituma hela ya mahindi, maharage, maziwa na dawa. Mkewe alinuna, watoto wake wakahamishiwa shule ya bei nafuu, lakini kwa mama yake hakukosa hata mwezi mmoja.

Foibe, binti yake, kipaji chake kilikuwa jikoni. Tangu apooze, Bibi Nakiete alipaliwa na kila kitu, na uji aliukataa katakata. Alitaka makande ya mahindi na maharage, chakula alichokulia. Basi Foibe, aliyeolewa nyumba ya jirani, aliamka alfajiri akayachemsha mpaka yakalegea, akayatwanga, akayachuja, akayatwanga tena. Viganja vyake viliota sugu kama vya mchimba mawe.

Hosiana alikuwa mkwe. Mumewe, mdogo wake Senkondo, alikwenda Mererani kutafuta tanzanite, akapata mke mwingine na hakurudi. Hosiana hakuwa na mtoto, na kwao kaka zake walikuwa wameshagawana shamba lote. Akabaki kwa mama mkwe. Kipaji chake kilikuwa mkono. Alimtilia mama kijiko kidogo upande wa kulia, akampapasa koo taratibu huku akimwimbia, mpaka ameze. Bakuli moja lilipashwa moto mara kadhaa kabla halijaisha. Wengine walipojaribu, mama alipaliwa.

Krismasi moja, wote wa mjini wakiwa wamepanda mlimani kama ilivyo ada, Bibi Nakiete alimwita shemeji yake, Mzee Mbonea, awe shahidi.

"Nyumba hii," alisema kwa ulimi mzito, "nampa anayenilisha."

"Nani huyo, shemeji? Taja jina."

"Anayenilisha," akarudia, macho yake yakiwa kwenye bakuli.

Siku chache baadaye kiharusi cha pili kilimnyang'anya sauti, akabaki na mguno tu. Mama bado anapumua, watu wakaanza kugombea paa lake.

"Ninayemlisha ni mimi," alisema Senkondo. "Mwanamume akisema analisha familia, kwani anashika kijiko?"

"Wewe umelisha stoo, kaka," akajibu Foibe. "Mama angetafuna mahindi makavu? Aliyemlisha ni mimi."

Hosiana alikuwa akisikiliza mlangoni. Aliitaka ile nyumba kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na wala haikuwa tamaa. Mama akifa, yeye atalala wapi?

"Kulisha ni kulisha," alisema. "Kijiko nimekishika mimi."

"Wewe mke uliyekimbiwa!" Foibe akamkatiza. "Unamlisha kwa sababu na wewe unakula hapahapa."

Neno hilo lilimwingia Hosiana mpaka kwenye mfupa.

Mzee Mbonea, ambaye amehudhuria kesi nyingi kuliko harusi, akasema maneno matupu hayana maana, utafutwe ushahidi. "Kila mmoja atakaa kando siku yake. Ambaye bila yeye mama analala njaa, huyo ndiye anayemlisha." Hakuna aliyesema, "Lakini mama je?" Wote wakakubali. Hosiana naye akakubali, na hapo ndipo hadithi hii inaponiuma.

Siku ya Senkondo, stoo ilifungwa kwa kufuli. Foibe akakaa na sufuria tupu, Hosiana na kijiko kikavu. Mama akalala njaa.

Siku ya Foibe, stoo ikafunguliwa. Hosiana akachemsha na kutwanga kadiri alivyoweza, lakini hakujua kuchuja kama wifi yake. Mama akapaliwa na chenga za maharage mpaka machozi yakamtoka, wakaogopa kuendelea. Akalala njaa.

Siku ya Hosiana, makande yalikuwa laini kama maziwa ya mgando. Senkondo akatia kijiko, Foibe akatia kijiko, na yote yakarudi kupitia pembeni ya mdomo. Hosiana alikuwa amekaa uani, mikono kwapani. Akamsikia mama akiguna, mguno ule ambao kila siku ulikuwa wa kumwita yeye. Alijua akiinuka, mama atashiba. Alijua pia akiinuka, ushahidi wake umekufa. Mguno ukaja tena, mrefu zaidi, na Hosiana akaziba masikio. Mama akalala njaa.

Kulipokucha wote watatu walikimbilia kazi zao, kila mmoja akitaka aonekane. Senkondo akanunua hata nyama. Foibe akatwanga mpaka akalowa jasho. Hosiana akapeleka kijiko upande wa kulia, akapapasa koo, akaimba.

Bibi Nakiete akamtazama. Kisha akafumba mdomo, na hakuufumbua tena kwa mtu yeyote. Wiki haikuisha, wakamzika nyuma ya nyumba.

Sasa Mzee Mbonea anao ufunguo mfukoni. Senkondo anasema bila hela yake pasingekuwa na chakula, na ni kweli. Foibe anasema bila yeye kisingemezeka, na ni kweli. Hosiana ameketi barazani na furushi lake la nguo, anatazama mikono yake.

Mama alisema nyumba ni ya anayemlisha. Hebu nawe shika ufunguo huu: ungemkabidhi nani? Na kama unasema hakuna anayestahili hata mmoja, basi nyanyuka uende pale barazani, umwambie Hosiana akalale wapi.