Jezi ya Hamdani

Sogeeni karibu, na anayesinzia aamshwe. Hadithi yangu haina zimwi wala sultani. Ina kompyuta kuukuu, na ina mama aliyefiwa.

Watu watatu wa Ujiji walikuwa na vipawa. Chausiku, fundi redio na mchumba wa Hamdani, alikuwa na mikono: kilichokufa kiliamka mezani pake. Shukuru, binamu ya Hamdani, alikuwa na macho: hakuna mchezo wa kompyuta ambao hakuujua vilivyo. Maganga, wa bodaboda, alikuwa mtunzaji: alichokabidhiwa hakikupotea. Kilimpotea kimoja tu, naye ni Hamdani mwenyewe, mwana wa pekee wa Bi Sikudhani, aliyempakia kwenye pikipiki siku ya ajali. Maganga aliinuka na mkwaruzo wa goti. Hamdani hakuinuka.

Picha zake zote zilikuwa kwenye simu, na simu ilisagika naye. Kitambulisho kilibaki, lakini kwenye kitambulisho nani anafanana na nafsi yake? Palibaki mahali pamoja tu. Katika mchezo wa mpira kwenye kompyuta yake, Hamdani alikuwa amembandika golikipa uso wake mwenyewe, akicheka. Na sasa mchezo ulikuwa umeharibika. Wachezaji walitoka bila nyuso, jezi zikikimbia peke yake, kisha mashine ikazimika.

Bi Sikudhani akaweka nadhiri. "Atakayenionyesha uso wa mwanangu, nitampa jezi yake ya udakaji."

Jezi hiyo ndiyo aliyolala nayo. Hakuwa ameifua, maana jasho la Hamdani lilikuwa bado humo.

Chausiku akaifungua mashine, akapuliza vumbi lililojaa kama pamba ya godoro, akaipaka kadi ya picha dawa mpya ya kupoza joto. Mashine ikaacha kuzimika, lakini nyuso bado hazikuonekana.

"Mama, kosa ni la dereva," alisema Chausiku. "Huyu mpya ndiye aliyeua kila kitu. Tumrudishe yule wa zamani."

Bi Sikudhani akasimama. "Aliyeniulia mwanangu hakanyagi hapa!"

"Maskini mama, si mtu! Dereva ni programu inayoiendesha kadi. Mashine imejiwekea mpya, na kadi hii ya kizee haielewani nayo."

Ya zamani ilitafutwa hata mtandaoni, haikupatikana. Hamdani alikuwa ameihifadhi kwenye flashi yake, na flashi hiyo alimwachia Maganga asikilize nyimbo. Basi ikabidi dereva aitwe alete dereva. Maganga alisimama kizingitini, akanyoosha mkono bila kuinua macho. Hakuwa amefuta hata wimbo mmoja.

Chausiku akaiingiza programu ile. Nyuso zikatokea, ila vipande vipande, jicho huku, mdomo kule. Ndipo Shukuru akavuta kiti.

"Kumbukumbu ya kadi ni ndogo, shangazi. Tuipunguzie mzigo."

Akazima vivuli, akaondoa majani ya uwanja, akawatoa watazamaji wote jukwaani. Kwenye uwanja mtupu, golini, alisimama Hamdani akicheka.

Bi Sikudhani akaweka kiganja kwenye kioo. "Baba," alimwita mwanawe, "mbona hukuniaga?" Alilia mpaka Chausiku naye akashindwa kujizuia.

Alipotulia, akaileta jezi.

"Bila mimi mashine isingekaa hai," alisema Chausiku. "Na mimi nilikuwa nizeeke naye."

"Bila mimi ungeona vipande tu," alisema Shukuru. "Na tumelala kitanda kimoja tangu utoto."

Maganga alikuwa bado kizingitini. "Bila ile flashi kusingekuwa na uso, lakini mimi sidai, mama. Ila ukinipa mimi, nitajua umenisamehe."

Ahadi ni deni, enyi wasikivu, na jezi ni moja, haikatwi vipande. Bi Sikudhani ameikumbatia kifuani, nao watatu wanaitazama mikono yake. Je, ungekuwa wewe, ungempa nani? Na mikono yako ingekubali kuiachia?