Sauti ya Mzee Feruzi

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya sungura na fisi. Ni zamani ya juzi tu, watoto waliokuwamo bado wanasoma shule. Kaeni vizuri. Mkishaisikia mtagombana, na mimi nitakuwa nimeshajiondokea.

Palikuwa na mji uitwao Mtangani, na mjini mlikuwa na banda moja la sinema, la mabati, mali ya mjane aitwaye Bi Zamzam. Katika banda hilo filamu haikuonyeshwa hivi hivi. Alikuwapo Kachenje, msimulizi, anasimama kando ya kiwambo na kipaza sauti, anasema kila kinachosemwa, awe Mhindi, awe Mchina, hata awe Mswahili mwenzetu, kwa sababu spika za banda zilikuwa zinakoroma. Na watoto wakiwamo, tusi likija, Kachenje halisemi. Hulipiga bati la ukuta: paa! Watoto wanacheka, filamu inaendelea. Ndiyo ilikuwa ada ya banda, na wazazi waliipenda.

Bi Zamzam alikuwa na mkebe asiomwazima mtu. Ndani yake mlikuwa na ukanda wa filamu ya kuchekesha iliyopigwa Mtangani kwenyewe, miaka hamsini nyuma. Nakala nyingine zote zilishaoza. Aliyechekwa ndani yake alikuwa Mzee Feruzi, fundi saa, mtu mwenye ualbino. Kila akitokea, anaitwa lile neno la kale walilokuwa wakiitwa watu kama yeye. Mimi silitaji, msinibane. Na kila akiitwa, Feruzi anageuka, anamtazama aliyemwita, anamjibu maneno machache. Kisha ukumbi mzima unaangua kicheko.

Feruzi alikufa binti yake, Siwema, akiwa bado ananyonya. Sauti yake ikabaki mahali pamoja tu, mle mkebeni. Siwema akakua, filamu hakuitazama hata mara moja, kwa aibu ya lile neno. Akaolewa, akazaa binti, Mwanakheri, naye akazaliwa na ualbino kama babu yake. Mtoto akafika miaka kumi na miwili, ana akili, ana maneno, na haja yake ilikuwa moja.

"Mama, nataka nimsikie babu."

Basi siku moja Mwalimu Sempombe wa shule ya hapo akamwendea Bi Zamzam. "Shikamoo, Bi mkubwa. Naomba watoto waione filamu ya mji wao."

"Marahaba, mwanangu. Walete."

Siwema akasikia, akaenda mbio. "Bi Zamzam, nakusihi, likate lile neno."

"Likatwe vipi, Siwema? Kila akitokea baba yako, neno limo. Nikilikata neno, nimemkata Feruzi. Utabaki kuona mlango unafunguka na kufungwa."

Siwema akarudi kwake, akawaza. Siku ilipofika akamvika mwanawe kofia pana, akamketisha benchi la mbele kabisa, ili asikose kitu.

Kabla taa hazijazimwa, Mwalimu Sempombe akasimama mbele. "Watoto, mtasikia neno baya. Watu wa kale walilitumia. Nyinyi msilitumie."

"Neno gani, mwalimu?" akauliza mmoja.

Mwalimu akasita. Mchelea mwana kulia hulia yeye, akajisemea, akalitaja. Akalitaja kwa sauti ya darasani, mara mbili, wa nyuma nao wasikie. Jamani, watoto wa siku hizi neno lile walikuwa hawalijui! Sasa wakalijua.

Taa zikazimwa. Feruzi akatokea na sanduku lake la saa. Mwanakheri akasimama, kofia ikaanguka, hakuiokota. Feruzi akaitwa. Na Kachenje akafanya anavyofanya siku zote: paa!

Siku zote watoto walikuwa wanajiuliza chini ya lile bati kuna nini. Siku hiyo walijua. Wakalisema, wote, kwa pamoja, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la kitendawili. Banda likatetemeka kwa kicheko. Feruzi akageuka, akatazama, midomo yake ikacheza. Hakusikika; hata Kachenje, aliyekuwa anaiona filamu ile kwa mara ya kwanza, hakuyadaka maneno yake ayarudie.

Akatokea tena. Paa! Wakalisema tena. Midomo ikacheza, hakusikika. Mwalimu anapiga kelele wanyamaze, nani amsikie? Ikawa paa na neno, paa na neno, mpaka mwisho wa filamu.

Mwanakheri akamgeukia mama yake. "Mama, babu alikuwa anajibu nini?"

Siwema hakujua. Na neno lile likawafuata njiani, kutoka kona hadi kona, mpaka mlangoni kwao.

Asubuhi yake Siwema akaingia kwa Bi Zamzam bila hodi, akauchukua mkebe, akautoa ukanda, akaumwagia mafuta ya taa, akauwasha. Hasira hasara. Ulipokwisha kuwa jivu ndipo alipokumbuka kuwa baba yake alikuwamo.

Siwema na mwanawe wakawaendea watu wazima walioiona filamu ile zamani, mara nyingi, wanaosema wanaijua kwa moyo. Feruzi alikuwa anajibu nini?

Bi Zamzam akasema, "Mwanangu, sijui. Tulikuwa tunacheka."

Muuza kahawa akasema, "Sikumbuki. Tulikuwa tunacheka."

Imamu mstaafu akainamisha kichwa. "Tulikuwa tunacheka."

Mji mzima, miaka hamsini, na mtu anasema mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyemsikiliza. Mimi jambo hili likinijia huwa silali vizuri.

Mwanakheri akaingia chumbani, akatia komeo. Shule hakwenda tena. Chakula anapokea dirishani. Ikaamuliwa shangazi yake aje kumchukua, akaishi mji wa mbali ambako hakuna anayemjua, na mtoto akasema akienda harudi. Wakaja kumbembeleza, Bi Zamzam, Mwalimu, Kachenje, na mama yake akiwa nao. Akawajibu kutoka ndani.

"Aje mmoja. Yule aliyenitenda hili, aje peke yake agonge. Huyo nitamfungulia, nimsikilize, na pengine nitabaki. Mkija wote sifungui, maana mtaombana msamaha wenyewe kwa wenyewe. Na akigonga asiyekuwa yeye, sifungui tena maisha."

Basi hapo uani ndipo maneno yalipoanza.

"Mwalimu nenda," alisema Bi Zamzam. "Mimi nimemtunza Feruzi miaka hamsini, panya wasimle. Nani mwingine alimtunza? Wewe ndiye uliyewafundisha neno."

"Mimi niliwaonya!" alisema Mwalimu. "Nikinyamaza, wangelisikia kwenye filamu na kudhani ni mzaha halali. Kachenje ndiye aliyewaachia nafasi ya kulisema. Asingepiga bati, wangekaa kimya wasikilize, na mtoto angemsikia babu yake."

"Mimi?" Kachenje alicheka kicheko kibaya. "Nililificha, kama ninavyoyaficha yote, mbele ya watoto wenu, na nyinyi mkanisifu. Niliingia taa zikizimwa; nani aliniambia kuwa siku ile walishaambiwa? Na hata hivyo jibu la mzee lilikuwa bado salama mkebeni. Kesho yake tungemwonyesha mtoto peke yake. Nani aliyelichoma?"

Wote wakamtazama Siwema.

"Nilichoma neno," alisema Siwema, akilia. "Mimi mama yake, nilitaka lisiwepo tena duniani. Lakini nilimwomba Bi Zamzam alikate, akakataa. Angekubali, ningechoma nini?"

Na watoto je, waliopiga kelele? Wao walisema wamefanya kama siku zote, wakaenda kucheza.

Maneno yakazunguka, kutoka kwa huyu hadi kwa yule, mpaka jua likashika utosi. Basi la shangazi likafika stendi. Wanne wako uani, kila mmoja anamsukumia mwenzake mlango, na ndani mtoto amekaa juu ya begi lake, anasubiri hodi.

Mimi sijui. Nimeisimulia miji mingi, na kila mji umenipa jina tofauti, na hakuna hata mji mmoja ambao watu wake hawakupaza sauti. Haya, nanyi semeni, lakini mmoja mmoja, nisikie: Je, katika hao, nani aliyestahili kwenda kugonga?