Lango la Fundi Mwandiko

Mkakasi ni kijaluba kilichopambwa kikapambika. Ukikitazama kwa nje utakitamani. Ukikifungua, utakuta mti mtupu. Fundi Mwandiko aliyajua haya tangu utotoni, maana mama yake hakuchoka kumwambia. Lakini kujua si kuzingatia.

Alikuwa mchoraji wa mabango. Jina hilo alipewa kwa sababu herufi zake zilipendeza hata wasiojua kusoma wakasimama kuzitazama. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa wakati baraza la mji lilipotoa ruzuku ndogo kwa kila mtaa, wakazi wajirekebishie wenyewe kinachowakera.

Kilichowakera hakikuhitaji kutafutwa. Mtaro wa maji machafu ulipita mbele ya milango yao, mpana, wenye kina, wazi kama kinywa cha mlevi aliyelala. Kila aliyetoka nyumbani alianza safari yake kwa kuruka.

"Tununue saruji tuufunike," fundi mwashi alisema kikaoni. "Kazi nitafanya bure."

"Mtaro tumeshauzoea," Mwandiko alimjibu. "Tujenge lango pale mwanzo wa njia, lenye jina la mtaa wetu. Wageni wa baraza wakija na kamera zao, watapiga picha mtaro?"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikageuka kura.

Mama yake, ambaye macho yalikwisha kuingia ukungu, hakucheka. "Na sisi wa ndani, mwanangu, tutasoma nini?"

"Mama nawe! Upande wa ndani nitaupaka baadaye."

Lango likasimama. Boriti yake ya juu Mwandiko aliiweka chini kidogo ili herufi zikae vizuri kwenye picha. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakasifu, wakaenda zao, naye akavimba kichwa wiki nzima. Rangi ilikuwa imekwisha. Upande wa ndani ukabaki mbao na misumari.

Mvua zilipoanza, mtaro ulifurika, maji yakatanda njia nzima hata ukingo usijulikane uko wapi. Asubuhi moja mama alitoka kwenda kununua mkate. Mwashi ndiye aliyesikia kishindo, akamkimbilia na kumtoa mtaroni akiwa hajitambui, damu ikimchuruzika kichwani.

Gari la wagonjwa lilikuja upesi, likakwama langoni. Dereva alitazama juu, akapima kwa macho, akatikisa kichwa.

"Nani kajenga kitu hiki?" alifoka.

Mwandiko aling'oa mlango wa chumba chake, wakamlaza mama juu yake, wakambeba huku wakipapasa ukingo kwa miguu. Yeye alishika upande wa kichwa.

"Vumilia, mama. Tunafika, mama yangu."

Hatua chache kabla ya lango, mwashi, aliyekuwa akimwangalia mgonjwa kila mara, alisimama.

"Tumshushe, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mama ametutoka."

Mwandiko hakuweza kuutazama uso ule. Akainua macho, na kwa mara ya kwanza akaliona lango lake kama mama alivyokuwa akiliona kila siku: halina rangi, halina hata herufi moja. Mama aliuliza watasoma nini. Sasa mwanawe alisoma, machozi yakimtiririka: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.