Hotuba ya Tembo, Makofi ya Pimbi

Hapo zamani, wanangu, zamani hasa, enzi wanyama wakijenga nyumba na kugombania foleni kama sisi, Tembo aliwaongoza wenzake wakamfukuza Simba aliyekuwa akiwatawala. Walicheza ngoma mpaka wakachoka. Kulipokucha, Tembo akakizungushia kisima chao cha pekee ua wa magogo, akaingia ndani, akafunga.

"Ndugu wananchi," akasema, "kisima sasa ni chetu! Ila bado tuko kwenye maandalizi. Vuteni subira."

Wakavuta. Kila Ijumaa Tembo alitoka nje ya ua, akapanda jukwaa la mawe, akahutubia jinsi alivyomtoa Simba mbio. Wakapiga makofi, pwa! pwa! pwa! Kisha yeye akarudi ndani kuoga, wao wakarudi nyumbani kulamba umande.

Bi Pimbi alikuwa na kitindamimba wake, Kidawa, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Mama alimtazama mtoto, akaona uchungu, halafu akaona hasira.

"Mimi simwombi tena yule," akamwambia jirani yake, Mzee Kobe. "Nimemchunguza. Makofi anayapenda kuliko hayo maji."

"Sasa wewe utamfanya nini? Si atakukanyaga uwe chapati!"

"Nitampigia makofi, mzee wangu. Lakini kwa mpango."

Akapita nyumba kwa nyumba akinong'ona: "Ijumaa tazameni mkono wangu. Nikiushusha, kimya. Nikiupandisha, pigeni kelele zote mnazozijua."

Ijumaa ikafika. Tembo akapanda jukwaani, akatanua masikio.

"Mimi ndiye niliyemfukuza Simba!"

Kimya. Nzi akapita, zzzz.

"Nimesema mimi! Mimi mwenyewe, kwa pembe hizi!"

Nyani akapiga miayo. Masikio ya Tembo yakalegea.

"Ee... au tuseme, sisi sote?"

Mkono wa Bi Pimbi ukapanda kidogo. Pwa! Pwa!

"Sisi sote! Na kisima hiki ni... ni chenu?"

Pwa! Pwa! Pwa!

"Chenu! Chenu na watoto wenu!"

Riririririii! Vigelegele vikapasua anga, Nyani akapiga sarakasi. Tembo akavimba kwa furaha. Tangu azaliwe hajapata kushangiliwa namna hiyo.

Ghafla Bi Pimbi akashusha mkono. Kimya kikarudi. Tembo akababaika kama mtoto aliyepokonywa andazi, macho yakahangaika huku na huku, yakatua kwenye magogo.

"Huu ua..." akajaribu. Mkono ukapanda kidogo. "Huu ua ni aibu!"

Pwa! Pwa! Pwa!

"Ni ukoloni mtupu!"

Riririririii!

"Nani huyo aliyeujenga?" akafoka.

Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, asije akacheka. Bi Pimbi akapandisha mikono yote miwili.

"Ung'olewe!" Tembo akapaza sauti. "Ung'olewe leo hii!"

Akashuka jukwaani, akaung'oa mwenyewe. Kacha! Paruu! Puu! Magogo yakaruka huku na huku, na wanyama wakamiminika kisimani. Kidawa akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Bi Pimbi akalia kwa furaha, wala hakuona haya.

Tembo alipopoa, akakuta kisima kimejaa vichwa vya wanyama.

"Nyie! Nani kawaruhusu?"

"Si wewe, Mheshimiwa!" akajibu Bi Pimbi. "Na hatujapata kusikia hotuba tamu kama ile!"

Akapandisha mkono. Riririririii!

Tembo alitaka kukasirika, wallahi alitaka. Lakini mkonga ulikwisha kuinuka wenyewe, unawapungia.

Basi wanangu, kiongozi anayeishi kwa makofi, wapiga makofi ndio wanaomtungia hotuba.